Siku Mashine Yangu ya Upepo Ilizunguka Bila Upepo

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana Kitengela hakuna siri: ni kweli, mimi Muli, fundi wa kuchomelea mageti, baba wa watu na mshiriki wa kanisa, niliwahi kumdanganya mkubwa wa serikali mchana kweupe mbele ya kijiji kizima, na aliyenishika uwongo hakuwa hata mtu, ilikuwa betri ya gari. Nikikumbuka bado masikio yanapata joto.

Hiyo ilikuwa ile miaka simu za mkononi ndiyo zinaingia, mtu anaitundika shingoni ionekane, na stima ilikuwa mjini tu, ukiacha lami umeingia giza. Huko ndani, ukielekea Isinya, kulikuwa na zahanati ndogo ya vyumba viwili, na nesi wake alikuwa Sista Nashipai, mama mmoja mrefu wa pale pale, ambaye akikuangalia tu unakumbuka makosa yako yote. Nilienda hapo kutengeneza mlango, akaniambia vile anazalisha akina mama akiwa ameshika tochi kwa meno, kwa sababu mikono yote miwili iko kazini.

“Juzi ilinitoka mdomoni ikamwangukia mama tumboni,” akasema. “Akaniuliza, sista, huyo ni mtoto wa pili?”

Tulicheka, lakini nilipofika nyumbani chakula hakikushuka.

Sasa mimi niko na ugonjwa wa kuokota vyuma (mke wangu anaweza kuwaambia, hata chini ya kitanda kuna gia). Nikatafuta mota kuukuu yenye sumaku kubwa ndani, nikachonga mapanga matatu ya mbao, nikaunganisha yote juu ya nguzo ya chuma. Upepo unazungusha mapanga, mota inatoa stima, stima inaingia kwa betri, betri inawasha taa. Na upepo wa kule mnaujua wenyewe, ukichelewa kuanua nguo unaweza kuifuata suruali yako mpaka Bisil.

Shida haikuwa mashine, shida ilikuwa kibali. Zahanati ni mali ya umma, huwezi kuamka tu na kusimika mlingoti. Nilienda Kajiado mara nyingi mpaka makarani wakawa wananiuliza watoto wako aje, ofisi ya kwanza inataka barua ya ofisi ya pili, ya pili haiandiki mpaka ione barua ya kwanza. Wa mazingira wakauliza kama ndege watagongwa (wale wa mabawa), halafu ofisi nyingine ikauliza kama ndege itagongwa (ile ya abiria), nami nikaandika kwenye fomu kwamba nguzo yangu si ndefu sana kuliko twiga, na ndege ya abiria ikishuka mpaka hapo tayari iko na shida zingine kubwa. Mwishowe ikaamuliwa nisimike mashine kwa majaribio, na Bwana Wafula, mkaguzi, aje ajionee kwa macho. Akiridhika, anapiga mhuri hapo hapo.

Basi kamati ya zahanati ikaamua kumpokea kwa heshima. Mwenyekiti alikuwa Mzee Parsaloi, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Wakachinja mbuzi wawili, wakakodi hema na viti vya plastiki, akina mama wakafanya mazoezi ya nyimbo wiki nzima. Mimi nikabeba betri hadi mjini ikachajiwa na stima ya kawaida, ili siku ile isikose nguvu, na mpaka hapo sikuwa nimefanya dhambi yoyote.

Siku ikafika. Upepo haukufika.

Nilikuwa hapo tangu saa moja asubuhi, shingo imenyooka kuelekea juu kama kuku anayekunywa maji. Hakuna. Moshi wa jikoni ulipanda wima, nguo za wagonjwa zilining'inia kwenye kamba bila kutikisika. Sista Nashipai akatoka na karai lake, akaangalia juu, akaniangalia mimi.

“Fundi, si umwambie tu leo hakuna upepo? Arudi siku nyingine.”

“Itazunguka, Sista, usijali.”

Akaingia ndani kwa wagonjwa, na mimi nikabaki nikihesabu zile safari za Kajiado, nikijiambia mtu wa serikali akienda bila kupiga mhuri harudi. Ndipo shetani akaninong'onezea, na wangu alikuwa amesomea umeme.

Kwenye waya unaotoka juu kuja kwa betri kuna kifaa kidogo kinaitwa dayodi. Kazi yake ni moja, kuruhusu stima ishuke na kuikataza isirudi juu. Ukikitoa ukaunganisha waya moja kwa moja, betri inarudisha stima kwa mota, na mota inazungusha mapanga yenyewe, kama feni ya hotelini. Nikasema, kidogo tu, mpaka mhuri upigwe. Nikakitoa, nikakitia mfukoni, na walahi mapanga yalizunguka vizuri hata mimi mwenyewe nikapiga makofi.

Saa nne Landrova ya serikali ikaingia. Bwana Wafula alikuwa mtu mnene, mpole, miwani kwenye ncha ya pua, na begi la ngozi ambalo nilijua mhuri umelala ndani. Akina mama wakaimba. Akapewa kiti cha mbele, pale panapoonekana mashine vizuri, akaangalia juu akatabasamu.

“Kumbe mko na upepo mzuri hapa!”

“Kila siku, bwana mkubwa,” nikasema.

Mzee Parsaloi, aliyekaa kando yake, akalamba kidole akakiinua hewani, akangoja. Akakigeuza. Akangoja tena.

“Ero,” akaniita kwa Kimaasai, yaani kijana, “hii upepo iko wapi? Mimi sisikii.”

Hapo ndipo ningesema ukweli ikaisha. Badala yake mdomo wangu ukatoa neno ambalo limenifuata hadi leo. “Mzee, huo ni upepo wa juu. Huku chini hauwezi kuusikia.”

“Wa juu,” akasema taratibu. Akaangalia nguzo, akaangalia mti wa mgunga uliosimama kando yake, ambao ulikuwa mrefu kuliko nguzo na haukutikisa hata jani. Wazee wawili nyuma yake nao wakalamba vidole.

Bwana Wafula yeye alikuwa ameshafika kwenye nyama. Nikamwashia taa, watu wakapiga makofi, kisha Sista Nashipai akasimama bila kuitwa, na gauni lake jeupe, akasema: “Bwana mkaguzi, mimi sijui mambo ya stima. Najua watu. Huyu fundi hajawahi kunidanganya, akisema kitu itafanya kazi, inafanya. Nikipata hiyo taa, nitazalisha watu nikiwaona.” Akaketi. Ile dayodi mfukoni nikaisikia nzito kama jiwe la kusagia.

Bwana Wafula akafuta mikono, akafungua begi, akatoa karatasi, akatoa mhuri. Akaupumulia mara mbili. Ulibakia upana wa kidole kufika kwenye karatasi wakati dereva wake alikuja mbio.

“Mkubwa, gari imekataa. Nilikuwa nasikiza redio, betri imelala kabisa.”

Bwana Wafula akaangalia gari, akaangalia mashine, uso ukamwangaza, na mhuri akaurudisha chini. “Lakini hapa si tuko na betri inachajiwa tangu asubuhi? Fundi, hebu tuazime hiyo, tuone kazi yake. Jaribio gani nzuri kuliko hilo?”

Watu wakashangilia. Nikasema aaah, mkubwa, hiyo betri, unajua, hiyo betri iko na tabia zake, lakini dereva alikuwa ameshaifikia na spana. Akafungua waya mmoja.

Mapanga yakaanza kupunguza mwendo. Yakazunguka kama mtu anayetafuta kiti. Yakasimama.

Bwana Wafula akavua miwani. Dereva (yule kijana nilimchukia siku hiyo) akarudisha ule waya, mapanga yakaanza. Akautoa, yakasimama. Akaurudisha tena, kwa udadisi tu sasa.

“Fundi,” Bwana Wafula akasema kwa upole ule ule, “hapa ni upepo unachaji betri, ama ni betri inachaji upepo?”

Mzee Parsaloi akajibu kabla yangu. “Upepo wa juu umekatwa na spana.”

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo za hema. Mimi nilicheka pia, sijui kwa nini, mdomo ulifunguka tu. Sista Nashipai peke yake hakucheka.

Mnadhani iliishia hapo? Betri ikapelekwa kwa Landrova, dereva akawasha: tik. Akawasha tena: tik. Ilikuwa imezungusha feni yangu tangu asubuhi, imekwisha kabisa. Ikabidi gari lisukumwe. Watu wote wakatoka kwenye hema, wazee na fimbo zao, akina mama na leso zao, mkaguzi mwenyewe akakunja mikono ya shati, na mimi nikawekwa nyuma katikati, pale moshi unapotokea. Tukasukuma mpaka barabarani, na injini ilipokohoa ikashika, ikanipaka masizi kuanzia kipaji cha uso hadi shati la Jumapili.

Na wakati huo huo, jamani, upepo ukaja.

Si upepo wa kubembeleza. Ulitoka upande wa Athi na vumbi lote la mwaka ule, na mashine yangu ilikuwa imeachwa bila betri, na mashine kama hiyo ikikosa betri ya kuipa kazi inakimbia bila breki. Ilianza kulia, halafu ikapiga mayowe, halafu tukasikia pa! na panga moja likaruka, likazunguka hewani, likaingia kwenye hema, likapasua kiti kimoja cha plastiki vipande viwili.

Kilikuwa kile kiti cha mbele.

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Wafula akaenda akasimama mbele ya vile vipande muda mrefu, mikono nyuma. Mimi nikachuchumaa kando, nikaokota lile panga. Mwishowe akasema, “Fundi, kama betri yako ingekuwa nzima, mimi ningekuwa nimerudi kukaa hapa.” Akaingia kwenye gari, na mhuri wake.

Sista Nashipai alinipa maji ninawe uso. Akaongea kwa sauti ya chini, na heri angenipigia kelele. “Kukosa upepo si aibu. Lakini mimi niliweka jina langu hapo mbele ya watu. Sasa nitaliokota aje?”

Miezi mingi watoto wa Kitengela waliniita Upepo wa Juu, hata wateja wakawa wanauliza kama geti langu linahitaji betri.

Baada ya wiki nilipanda kwenda Kajiado, si kwa sababu ya ujasiri, ni kwa sababu lile swali la sista lilininyima raha. Nikamwekea Bwana Wafula dayodi mezani, nikamweleza yote. Alinisikiliza, akavuta karatasi, akaniandikia: nguzo iwe mbali na watu, mapanga yafungwe kwa bolti na si misumari, iwekwe breki, na mkia wa kugeuza mashine upepo ukizidi. “Ukimaliza, niite,” akasema. “Na umwambie Sista Nashipai nitakuja kwa sababu yake.”

Nilimaliza baada ya miezi mitatu. Akaja. Na mtaniamini nikisema siku hiyo tena hapakuwa na upepo?

“Fundi, upepo uko wapi?”

“Hakuna, mkubwa.”

“Wa juu pia?”

“Hata wa juu. Tungoje.”

Tukangoja. Chai ikanywewa mara mbili, Mzee Parsaloi akalala kitini, Sista akatibu watu sita na kurudi. Karibu saa tisa leso ya mama mmoja ikainuka kidogo, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Mapanga yakasita, yakaenda. Bwana Wafula akainuka, akatembea mwenyewe hadi kwenye betri, akatoa waya kwa mkono wake, akaangalia juu.

Yakaendelea kuzunguka.

Akapiga mhuri juu ya goti lake. Na mimi nikaapa, na kiapo hicho sijakivunja: kitu kikikosekana, nasema hakuna, halafu nakaa chini na wageni wangu, tunangoja pamoja.