Nilivyopiga Magoti Katikati ya Mtihani wa Udereva

Nakiri mapema kwamba aibu hii niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, na bora muisikie kwangu kabla hamjasimuliwa na watu wa Bweranyange, maana wale wanajua kuongeza chumvi.

Chama chetu cha kahawa kilinunua pikapu, na mwenyekiti akaniambia, "Mama Aneti, ukileta leseni Ijumaa ufunguo ni wako, usipoleta tunampa mwingine." Basi wiki nzima nikawa napika ndizi huku nakanyaga klachi isiyokuwepo, kwa furaha tu.

Siku ya mtihani mambo yalikuwa matamu, jamani. Tunashuka mteremko wa Nyakahanga, afande kakaa pembeni yangu na faili mapajani, akasema, "Egesha hapo kushoto." Nikatazama kioo, nikawasha indiketa, nikasogea taratibu, nikasimama nimenyooka na ukingo wa barabara mpaka afande mwenyewe akaitikia kwa kichwa. Nikajua leseni ninayo.

Mara nikamwona baba mkwe anakuja kwa miguu, katoka kliniki kupima presha. Kwetu mwanamke hamsalimii mkwe akiwa amekaa na mzee amesimama (labda awe mahututi), na isitoshe huyu ndiye aliyeuliza mbele ya ukoo mzima kama mkwewe akishika usukani adabu itabaki. Nikasema moyoni, leo ataona. Nikafungua mlango, nikashuka, nikapiga magoti vumbini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Presha inasemaje?"

"Imetulia, waitu. Ila gari lako linaondoka."

Hendibreki sikuvuta. Gari nimeliacha mteremkoni, halina gia, afande yumo ndani na faili lake, linashuka polepole kama linakwenda sokoni, na mimi nyuma yake nakimbia kitenge nimekishika mkononi, watu wote wa barabarani wamesimama kunitazama. Afande alipoipata hendibreki, magurudumu ya mbele yalishapanda turubai la kahawa ya mama mmoja, naye kasimama hapo na reki yake.

"Nimeanika kahawa," akasema yule mama, "sikuanika gari."

Afande akashuka, akajifuta jasho. "Kuegesha umeegesha vizuri," akaniambia. "Tatizo ni ulivyoondoka." Akaandika nimefeli, nami nikalia palepale, nikijua pikapu imekwenda.

Kumbe baba mkwe alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, akamwomba anisubiri, akisema kilichonifelisha ni salamu yake. Wakanisubiri. Nikarudia mtihani, nikafaulu, na nimeapa kwamba sitampigia mtu magoti kabla ya kuvuta hendibreki, hata awe nani.

Mzee naye ana tahadhari yake siku hizi. Akisikia pikapu inakuja anaingia migombani, anasubiri humo mpaka nizime injini, ndipo anatoka kuja kusalimiwa.