Siku baba alipotupeleka mahameni kutufundisha historia, akakutana na mwenye nyumba

Salaam wakuu. Hii ni ya kwetu Bariadi. Nilikuwepo, sikusimuliwa.

Miaka ile ya ruksa ushirika uliyumba, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia, na baba, karani wa ushirika, akapunguzwa kazi.

Shuleni kwetu kitabu cha historia kilikuwa kimoja darasa zima. Baba akanunua vya mitumba mnadani, vingine havina jalada, akaanza kutufundisha nyumbani mimi na dada yangu Kabula.

Jumamosi ilikuwa ya field, kujifunzia nje. Baiskeli moja, watu watatu. (Mimi mdogo nilikaa kwenye bomba, maumivu yake nayakumbuka kuliko somo.)

Siku hiyo tukaenda kwenye mahame upande wa Mwamapalala, mahali palipokuwa na kaya kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya pamoja. Ilibaki minyaa na mawe ya kusagia.

Baba akatueleza kwamba watu walikubali wenyewe, wakafuata shule na zahanati.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa karibu anachuma mlenda. Baba akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu."

Hakuitikia. Akamkazia macho.

"Wewe si yule kijana aliyekuwa anaandika majina ya wa kuhamishwa?"

Mama yule akanyoosha kidole kwenye mawe ya kusagia.

"Uliandika jina la mume wangu, wenzako wakang'oa paa. Hii nyumba ilikuwa yangu. Mvua ilituchapa siku tatu na kichanga mgongoni. Leo unawaambia watoto tulikubali?"

Kabula akauliza, "Baba, ni kweli?"

Nilitegemea akatae. Akavua kofia.

"Ni mimi, mayu. Watoto nimewadanganya."

Kisha kwa sauti ndogo, "Mtoto alipona?"

"Alipona. Ana mtoto wake sasa. Ila miaka yote hii hukuwahi kuja kuuliza."

Mama yule akatuzungusha mwenyewe: hapa zizi, hapa jiko, hapa nilijifungulia. Baba alifuata nyuma kama mwanafunzi.

Kesho yake alituita sebuleni akasimulia yote, kaya kwa kaya. Mama yetu naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni mpaka mwisho.

Nilichojifunza: nunua vitabu, wapeleke watoto kwenye maeneo. Lakini mtafute aliyeishi pale, na ukubali akusahihishe mbele yao.

Wakuu mliokulia Simiyu, nyumbani mliambiwaje kuhusu mahame? Karibuni tujadili, matusi hapana.