Draiva ya Mashine ya Breli

Mwalimu aliyenifunza darasa la nne alipoteza macho akiwa bado kazini. Shule yake, karibu na Sosiot, ilimbakisha, na wafadhili wakamletea mashine ya breli: ubao mfupi wenye vipini vidogo kama ncha za sindano, vinavyoinuka na kushuka, ili vidole visome kilicho kwenye kompyuta. Ilikubali kompyuta moja tu, ya zamani, iliyokuwa inakaribia kufa. Kwenye laptopu mpya ya shule ilikaa kimya. Walioitengeneza walishafunga kampuni bila kuacha maelezo yoyote, kwa hiyo draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na mashine, ilibidi tuiandike wenyewe.

Nikamwita rafiki yangu wa chuo. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai, naye alizaliwa hapa Kericho. Kwetu alikuwa mtoto wa nyumbani. Mama alimmiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, bila kumuuliza.

Kwenye ile kompyuta ya zamani tuliweka programu inayorekodi kila kinachopita kwenye waya wa USB. Mwalimu akaketi, vidole juu ya mashine. Nikiandika herufi a, anasema, "Kipini kimoja, juu kushoto," nasi tunaangalia ni namba gani imepita. Kisha b, kisha c. Lakini tulipotuma namba zilezile kutoka laptopu mpya, hakuna kilichosogea. Nikarudia rekodi kutoka mwanzo, nikaona kwamba kila mara mashine inapochomekwa, kompyuta huitumia kwanza ujumbe mfupi, kama mtu anayebisha hodi. Nikautuma, kisha nikatuma a.

"Inaongea," mwalimu akasema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Inaongea, watoto wangu!"

Tulikubaliana mbele yake kwamba tutaiweka draiva mtandaoni bure, kwa majina yetu sote wawili. Rekodi zote zilikuwa kwenye laptopu ya rafiki yangu. Akaniomba nimwachie aipange vizuri kwanza.

Mvua ndefu zilipokwisha, mwalimu alinipigia simu.

"Mwanangu, mashine imekataa. Laptopu inadai laiseni ya kulipia. Ni tangu mwenzako aje kubadilisha ile programu, akasema umemtuma."

Sikuwa nimemtuma.

Nilimkuta kwenye hoteli mjini Kericho, amevaa fulana yenye nembo ya kampuni ya Nairobi iliyomwajiri. Sikumsalimia.

"Uliwapa kazi yetu?"

"Dadangu, tulia. Wangeipata tu hata bila mimi."

"Na mbona ulimwambia mwalimu nimekutuma?"

"Asingenifungulia."

Kazi iliyoibwa ningeizoea. Hilo la kuingia kwa mwalimu kwa jina langu sijalizoea mpaka leo.

Nilianza upya. Kompyuta ya zamani iliwaka kwa shida, mwalimu akaketi tena, tukarudia herufi moja moja. Draiva ilipokubali, niliiweka mtandaoni kabla hata sijanywa chai. Watu wa nchi za mbali wenye mashine kama ile wakaandika kushukuru. Yule rafiki yangu pia aliandika, neno moja: "Hongera." Sikumjibu.

Mwalimu anasoma kila siku. Lakini siku hizi mtu yeyote akifika kwake akisema nimemtuma, anamwacha nje kwanza anipigie simu. Juzi alimwacha ndugu yangu wa damu akinyeshewa.