Redio Isiyo na Cheti

Mimi kazi yangu naijua, na hata baada ya yaliyonipata juzi sitasema vingine. Tangu tupate uhuru, kiti cha mkaguzi wa vyombo vya umeme pale bandarini nakikalia mimi, na chombo kisicho na cheti cha usalama hakipiti.

Juzi akaja Bi Zuhura, jirani yetu wa Mji wa Kale, kuchukua redio ndogo aliyoletewa na mwanawe baharia. Nikamuamkia kwa adabu, kisha nikamwomba cheti. Hakuwa nacho.

“Basi haitoki, Bi Zuhura,” nikamwambia. “Dari zetu ni za boriti. Nyumba moja ikishika moto, mtaa mzima umekwenda!”

Watu kwenye foleni wakaitikia, “Kweli kabisa,” nami kichwa kikavimba. Nikawasha tochi yangu, nikaimulika redio pande zote. Waya wa umeme haukuwapo! Nikatangaza kwa sauti kwamba kuna mjanja aliyeukata ili kuficha hitilafu, na nikayaandika hayo kwenye kitabu cha serikali, kwa wino.

Bi Zuhura alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akafungua kifuniko cha nyuma ya redio kwa ukucha, akatoa betri mbili, aina ile ile ya zangu za tochi, akazilaza juu ya kitabu changu.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “na hiyo tochi uliyoishika, cheti chake kiko wapi?”