Penalti Dhidi ya Mama Mkwe

Leo nimepiga penalti, na golini alikuwa amesimama mama mkwe wangu.

Ndiyo. Maro mwenyewe, kama tunavyomwita mama mkwe kwa Kijaluo, mama mzazi wa mke wangu.

Ilikuwa mechi ya kirafiki hapa Macalder, sisi wanaume dhidi ya akina mama, kwenye uwanja tuliotengeneza wenyewe baada ya kufukia mashimo ya zamani ya dhahabu. Nilijua anakuja kutazama tu. Kumbe kipa wao aliumia kidole, akavaa glavu yeye!

Tulikuwa sare, moja moja. Dakika za mwisho refa akatoa penalti, wenzangu wakanipa mpira.

Jamani, sisi Wajaluo mama mkwe hata kumkazia macho hatuwezi. Sasa nimpigie shuti?

Nikausukuma mpira polepole, kama mtu anayemkaribisha mgeni chai. Akauokota kwa mkono mmoja.

Kisha akaniita mbele ya watu: "Baba Atieno! Nimeponda mawe miaka ishirini. Unadhani mpira utanivunja?"

Watu wakaangua kicheko. Nami bado nimeduwaa, akaubutua mpira mbele, shemeji yangu akaukimbilia, goli! Tumefungwa mbili kwa moja.

Baada ya mechi nilienda kuomba msamaha, nimeinamisha kichwa.

Akacheka. "Heshima niletee nyumbani, mwanangu. Hapa niletee shuti."

Nyinyi mngepiga vipi? Semeni ukweli, lakini mjue mke wangu anasoma majibu yote.