Siku Nilipomsifia Mzee Sandy kwa Mabao ya Mwenzake

Nawasimulia mwenyewe kwa kuwa najua nusu yake mmeshaisikia, na hiyo nusu imetiwa chumvi, sasa kama ni kunicheka basi mnicheke kwa ukweli. Ni kweli nilisimama ukumbini hapa Norsborg, Sweden, nimevaa suti, mbele ya wakwe, nikajiaibisha mimi na ukoo mzima. Na ni kweli pia kwamba hakuna aliyenituma.

Neema ni binti wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo mimi ni baba yake mdogo, na mambo ya posa yalipoanza msemaji wa familia nikawa mimi, nipende nisipende (nilipenda). Mchumba wake anaitwa Erik, kijana wa hapa hapa, ila babu yake mzaa mama, Mzee Sandy, ni Mskoti aliyekuja zamani kufundisha timu ndogo kule Södertälje, akaoa, akabaki. Sasa ameshavuka miaka tisini. Jina lake la ukoo silitaji, nimeshalichezea vya kutosha.

Neema akanipigia simu: "Baba mdogo, utawakaribisha wageni, maneno mawili tu. Babu yake Erik aliwahi kucheza mpira wa kulipwa kwao, lakini hapendi makuu."

Mnanijua. Mtu akiniambia maneno mawili, mimi naanza kutafuta la tatu. Kesho yake kazini Jordbro, ghalani, wakati wa chakula, nikatoa simu badala ya kumwuliza Erik (hapo ndipo nilipopotea, mengine yote ni mteremko tu), nikaandika jina la mzee na neno "mpira", na mara hiyo akatokea: Sandy huyo huyo, ukoo huo huo, klabu ya Glasgow, miaka hiyo hiyo, mshambuliaji wa kati, kacheza timu ya taifa, kafunga bao la fainali ya kombe kwa kichwa. Nikasoma mpaka kwenye bao, moyo ukanijaa, nikafunga simu. Ukurasa ulikuwa na sehemu ya chini. Sikuteremka.

Palikuwa na picha pia, Sandy kakumbatia kombe na mwenzake mmoja amesimama pembeni miguu imejaa matope. Nikaipeleka duka la picha, nikamwambia dada wa pale aikuze, na huyo wa pembeni amkate ili mkwe wetu apate nafasi. Ikatiwa fremu kubwa kama dirisha.

Siku yenyewe watu wakajaa, wetu kutoka kila mtaa, na upande wa Erik wakaja wachache, wametulia, mama yake Karin na huyo Mzee Sandy, mrefu, mkongojo katikati ya magoti, anakula sambusa taratibu. Nikasimama. Nikaongea Kiswidi changu cha ghalani, kila baada ya muda nakitafsiri kwa Kiswahili ili shangazi zetu wasipitwe. Nikasema huyu mnayemwona kimya alikuwa simba. Nikasema magolikipa wa Uskoti walikuwa hawalali. Nilipofika kwenye bao la fainali nikaona maneno hayatoshi, nikaruka juu kupiga kichwa, tai ikazama kwenye bilauri ya juisi, watu wetu wakapiga vigelegele. Karin akainua mkono kidogo. Nikamwambia, "Maswali baadaye, mama." Neema akaninong'oneza, "Sluta, baba mdogo," yaani acha, nami nikadhani ananionea huruma kwa ile tai. Upande wa Erik walikuwa wameinama wote, nikaona hawa wameguswa.

Ndipo nikafunua fremu na kumkabidhi mzee, pamoja na kalamu, awatilie watoto saini.

Mzee Sandy akaifuta mikono yake kwa kitambaa, akaipakata picha, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa Kiswidi chake chenye lafudhi ya kwao, "Huyu mtu nilibeba jeneza lake."

Mke wangu akainuka kwenda kuangalia chai, na chai ilikuwa mezani mbele yake.

Mzee akaendelea bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Akasema klabuni walikuwa Sandy wawili, jina moja na ukoo mmoja bila udugu wowote, maana kwao majina ni machache kuliko watu. Mmoja mshambuliaji wa kati, mwingine winga wa kulia. Yeye ndiye winga. "Hilo bao ulilolirukia," akaniambia, "krosi ilikuwa yangu. Gazeti liliandika Sandy kampa Sandy, wasomaji wakadhani wachapaji wamekosea." Baada ya hapo alivunjika mguu kwenye uwanja ulioganda, klabu ikamwacha, na alipopata nafasi ya kufundisha Sweden akaikubali haraka. "Huku hakuna aliyemjua mwenzangu. Nimekaa salama maisha yangu yote, mpaka leo."

Erik akaangua kicheko, wengine wakamfuata. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu sikujua kama ni mzaha. Karin hakucheka pia. Alikuwa anamtazama baba yake. "Krosi hiyo hujawahi kutuambia," akasema.

"Hamkuniuliza."

Kisha mzee akaweka kidole kwenye ukingo wa fremu, mahali ambapo yule dada wa dukani hakukata vizuri. "Hiki kiwiko hapa," akasema, "ni changu."

Kumbe niliyemlipia akatwe ndiye mkwe mwenyewe. Nikakaa. Hotuba yangu iliisha hivyo hivyo, bila kufungwa.

Jikoni Neema alinijia na machozi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Baba mdogo, ungemwuliza tu. Yupo hai. Anaongea." Nikasema nisamehe mwanangu. Akasema atanisamehe baada ya harusi, tuone itakavyokuwa.

Posa haikuvunjika. Karin aliichukua ile fremu, na Erik akaitafuta picha nzima akaikuza upya, nasikia wameitundika sebuleni, na kila Jumapili mzee anaulizwa jambo moja la zamani naye analijibu. Watu wangu wanasema basi ilikuwa heri. Mimi siichukui sifa hiyo. Nimejiapiza nisisimulie tena maisha ya mtu aliyekaa mbele yangu anakula, kabla sijamwomba anisimulie mwenyewe.

Harusini Neema alinipa kazi ya kupokea makoti mlangoni, mbali na kipaza sauti. Nikayapokea. Mzee Sandy akafika na mkongojo wake, akavua koti polepole, akaniwekea mkononi, akanitazama usoni bila hata kutabasamu.

"Asante sana, Samweli," akasema.

Mimi ni Daudi. Nikamwambia karibu sana, mzee, nikalitundika.