Kiraka cha Rangi ya Machungwa

Mama Fagio alikuwa msimamizi wa wafagiaji wa mji, na mdomo wake ulifagia kuliko ufagio. Tangu waliokimbia vita wajenge vibanda vya maturubai kando ya mtaro mkubwa, hakuwa na wimbo mwingine.

"Hawa ndio wanaotuzibia mtaro," alimwambia bwana afya. "Waondoe kabla mvua haijaanza."

Nyani haoni kundule. Yeye mwenyewe aliingia mji huu mkimbizi, kifurushi kichwani, akalala sokoni.

Bwana afya alimsadiki, maana nani ajuaye taka kumshinda Mama Fagio? Ila kabla ya kuwahamisha alitaka mtaro uzibuliwe, aone kilichomo. Wageni wenyewe wakaingia, matope hadi mapajani, wake kwa waume.

Chini ya daraja dogo wakamkuta mchawi mwenyewe: godoro, limevimba maji, limekaba mtaro wote. Wakalivuta kwa kamba hadi ukingoni.

Mama Fagio alipoliona, alilitambua. Lilikuwa la marehemu mama mkwe wake. Gari la taka halibebi magodoro, na hilo alilijua kuliko yeyote. Basi alikuwa amempa mtu wa mkokoteni akalitupe, na hakutaka kumuuliza analipeleka wapi. Pembeni kulikuwa na kiraka alichokishona kwa mkono wake, kitambaa cha rangi ya machungwa cha sare ya wafagiaji. Sare hiyo hiyo aliyokuwa ameivaa.

Mwanamke mmoja wa vibandani, matope hadi kwenye nyusi, alikitazama kiraka. Akaitazama sare. Mama Fagio alitamani ardhi ipasuke immeze. Yule mwanamke alimkonyeza mwenzake, wakaligeuza godoro, kiraka kikalala chini.

"Sogea kidogo, mama," akasema, "usije ukachafuka."

Afadhali angemtukana. Aibu ilimpanda Mama Fagio hadi masikioni, akakosa pa kuweka macho.

Hapo bwana afya akafika, akalitazama godoro, akatikisa kichwa. "Kumbe ulisema kweli, mama. Kesho tunawahamisha."

Mama Fagio aliinama, akalishika godoro pembeni, akavuta. Lilikuwa zito, halikutikisika. Akamgeukia yule mwanamke.

"Nisaidie, mwanangu. Tuligeuze tena, bwana afya aone kiraka."